Sweta ya Kijani

Barua iliyonitoa jasho kuliko zote nilizowahi kuandika ina mistari sita. Inasema kwamba mwanafunzi aliyetajwa hapo juu amekamilisha muda wake katika shule yetu, kwamba tabia yake ni njema, na kwamba tunamtakia kila la heri. Niliichapisha kwenye saiba kwa shilingi kumi kwa sababu printa yetu ilikuwa imeisha wino, nikaigonga muhuri, nikatia saini juu ya neno "Mkurugenzi". Mwanafunzi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi nje ya ofisi akiningoja twende nyumbani. Alikuwa na miaka 27. Ni ndugu yangu.

Na shule yenyewe ilianzishwa kwa ajili yake.

Sitaitaja jina, na yeye pia sitamtaja, kwa sababu hawezi kusoma haya akaniambia kama amekubali.

Mamangu alikuwa mwalimu wa nasari Kawangware, upande wa Gatina. Kama hujawahi kufika huko, panda 46 kutoka tao, pita Hurlingham, Yaya, Valley Arcade, uangalie maua yakimwagika juu ya kuta za Lavington, halafu ghafla lami inaanza kuwa na mashimo, muziki unapanda, na kuna mtu anachoma mutura kando ya barabara. Umefika. Kati ya lango lenye askari wawili na choo cha kulipia ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Dakika kumi hizo ndizo hadithi yote ya karo ya shule yetu, lakini nitafika huko.

Ndugu yangu alizaliwa 1995, miaka minne baada yangu. Alitembea kwa wakati. Alisema "mama" kwa wakati. Halafu, alipokaribia miaka miwili, maneno yakaisha, kama mtu amezima redio. Yaliporudi hayakuwa ya kuongea na sisi. Yalikuwa ya makanga. "Fotisiksi! Yaya, Halingamu, tao! Mbao, mbao!" Angeweza kukuita stejini vizuri hadi ukapanda, lakini kusema "naumwa na tumbo" hakuweza. Neno usonji hatukuwa nalo. Daktari aliliandika kwa Kiingereza kwenye kikaratasi, na mamangu alikikunja akakiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo watu wengine huweka picha za marehemu.

Januari 2003 serikali mpya ikatangaza elimu ya msingi bila malipo. Nyinyi mliozaliwa juzi hamwezi kujua siku zile zilivyokuwa. Foleni zilitoka langoni zikazunguka hadi kwa wauza mandazi. Wazee wa miaka themanini walivaa kaptula wakaingia darasa la kwanza. Yule mzee wa Eldoret, Kimani Maruge, dunia nzima ilimjua mwaka uliofuata. Mamangu akaamini kwamba "kila mtoto" maana yake ni kila mtoto. Akamwogesha ndugu yangu, akamvalisha shati jeupe, akampeleka shule ya umma iliyokuwa karibu.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Mamangu alisisitiza jambo hilo kila alipoisimulia. Alimpeleka hadi mlango wa darasa la kwanza, akamwonyesha watoto zaidi ya mia moja, nusu yao wamekaa chini kwenye saruji. Akasema, "Mama, huyu nitamweka wapi?" Wakati huo ndugu yangu alikuwa ameshapanda juu ya dawati na gari lilikuwa linajaza. Mwalimu mkuu akamwambia amrudishe akitulia.

Alikuwa na miaka minane. Hajatulia hadi leo.

Kanisani pia mambo yalikuwa vilevile, ila kwa upole zaidi. Ndugu yangu hakupenda kipaza sauti kinapolia. Kilikuwa kikilia anakimbia mbele, anazima amplifaya, anarudi kukaa. Mara ya kwanza kanisa zima lilicheka. Mara ya tatu mhudumu alimjia mamangu akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, si ukae naye hapo nje tu. Utasikia kwa spika." Kwa karibu mwaka mmoja mamangu alisikiliza mahubiri akiwa amekaa juu ya jiwe, kando ya jikoni ya kanisa, akimshika mwanawe kiuno. Mimi nilikuwa ndani na wenzangu. Nikiwa mkweli, nilifurahi.

Ilikuwa akiwa kwenye lile jiwe ndipo alipoanza kuhesabu. Mwanamke mwingine alikuja akakaa kando yake, naye alikuwa na mtoto. Kisha akasikia kuhusu mwingine. Akaanza kuzunguka Gatina na Congo jioni akibisha milango. Alipata mtoto mmoja aliyefungiwa ndani kutoka asubuhi hadi jioni huku mamake akienda kufua nguo za watu Lavington. Alipata msichana amefungwa mguu kwa leso kwenye kitanda. Nakumbuka alivyorudi siku hiyo. Nilitaka tuite polisi. Akaniambia yule mama alikuwa na vitu viwili vya kuchagua, leso au barabara, na alikuwa amechagua leso laini.

Akaenda kwa wazee wa kanisa Jumanne moja ya 2004 na majina manne kwenye karatasi. Mzee mmoja aliuliza kama ugonjwa huo unaambukiza. Mwingine alisema, "Mwalimu, sisi tunawaombea watoto hawa. Lakini kuwafundisha, si watajua nini?"

"Kufunga vifungo," mamangu akasema.

Nadhani walitarajia asome mstari. Walimpa chumba cha shule ya Jumapili, Jumatatu hadi Ijumaa, mwisho saa saba, na Jumatano awe ametoka saa nne kwa sababu ya maombi ya akina mama. Kwa muhula mmoja, kujaribu.

Chumba kilikuwa cha mabati juu na kando. Shida ya kwanza hakuna mtu aliyeifikiria: mvua. Mei mvua ikipiga mabati ya Kawangware huwezi kusikia hata mtu aliye sikioni mwako, na kwa mtoto mwenye usonji sauti hiyo ni kama kupigwa. Siku ya kwanza ya mvua, watoto wote wanne walikuwa chini ya meza. Mamangu naye akaingia chini ya meza. Wiki hiyo tulizunguka madukani tukiomba katoni, na mimi na yeye tukazishona kwa waya, tabaka tatu, na blanketi kuukuu juu yake, tukazining'iniza chini ya mabati. Kilikuwa kitu kibaya kuangalia. Lakini kelele ilipungua hadi ikawa ya kuvumilika.

Masomo yalikuwa vifungo, choo, kungoja zamu. Alikata picha kutoka karatasi za matangazo ya supamaketi, akazibandika kwenye kadibodi kwa uji wa unga: sahani, mswaki, mpira, gari. Kila asubuhi alizipanga ukutani kwa mfuatano, ili mtoto ajue kinachokuja. Ya mwisho kwa ndugu yangu ilikuwa picha ya matatu. Akimaliza yote, wanatembea hadi stejini wanaangalia magari kwa dakika kumi. Kwa ajili ya dakika kumi hizo alijifunza kukaa kitini, kitu ambacho miaka minane ya kuchapwa na kubembelezwa haikuwa imeweza.

Hesabu zilifundishwa dukani. Alikubaliana na mwenye kioski kwamba mtoto akija na sarafu asipewe kitu hadi aonyeshe mwenyewe anachotaka. Mtoto mmoja alichukua miezi saba kununua mandazi moja. Siku aliyofaulu, mwenye kioski alifunga dirisha lake, akaacha wateja wamesimama, akakimbia hadi kanisani kutuambia.

Miaka michache baadaye mamangu alisomea diploma ya elimu maalum KISE, kwa masomo ya mbali, akisafiri hadi Kasarani shule zikifungwa. Taasisi hiyo ilianzishwa 1986, na huko ndiko alikojua kwamba hakuwa wa kwanza kufikiria haya ndani ya ua la kanisa. Jeshi la Wokovu lilianza na wasioona wakati wa vita vya pili, na kufikia 1946 lilikuwa na shule Thika ambayo bado iko. Baadaye likajenga Joytown, papo hapo Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Wakatoliki wakafungua ya viziwi Mumias. Ukitaka kujua historia ya elimu maalum nchini humu, fuata misalaba juu ya paa.

Lakini angalia mpangilio wake. Wasioona, viziwi, wenye viungo. Watoto kama ndugu yangu walikuwa nyuma kabisa ya foleni. Zilikuwepo shule chache, kama Jacaranda huku Kilimani, lakini chache ni chache. Mimi nina maoni yangu kuhusu sababu, na mchungaji akitaka kunikosoa namba yangu anayo. Mtoto asiyeona akifundishwa Braille anaweza kurudi kuwa mwalimu, asimame madhabahuni, atoe ushuhuda. Mtoto ambaye ukimfundisha miaka sita anajifunza kununua mandazi hana ushuhuda wa kutoa. Hawezi kukushukuru mbele ya wafadhili.

Mwaka uleule wa 2003 tuliofukuzwa, wazazi wengine mjini waliunda Autism Society of Kenya, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika shule ya City Primary kule Ngara. Mamangu aliposikia alimpeleka ndugu yangu kuangalia. Alikipenda. Lakini kutoka Gatina hadi Ngara ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku, na mtoto anayejua kufungua mlango wa matatu likiwa linaenda. Alijaribu wiki mbili.

Sasa niseme kuhusu maombi.

Watu walikuja. Kwanza wa kanisa letu, kisha wa mbali. Mamangu aliwakaribisha, yeye mwenyewe alianza kila siku kwa sala na wimbo, na watoto waliokuwa hawasemi neno walikuwa wakipiga makofi mahali pake hasa. Lakini mhubiri mmoja mgeni alisema pepo wa aina hii hutoka kwa kufunga, na kwamba watoto wasile chakula cha mchana siku tatu. Mamangu akamwambia, "Hapa tunakula saa sita." Yule akaanza kueleza. Mamangu akatazama saa, akaanza kupakua githeri. Wiki iliyofuata Kawangware nzima ilijua kwamba mwalimu wa vichaa anapinga maombi.

Sura yake ilikuwa Yohana 9. Unaijua: wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Wanajibiwa kwamba si yeye wala si wao. Mamangu alikuwa akisema swali lile bado linapanda matatu kila asubuhi, na wakati mwingine linakaa kando yako. Ila alikuwa akiruka pale yule mtu anapopona. Angeenda moja kwa moja hadi pale wazazi wanapoitwa kuhojiwa, nao kwa kuogopa kufukuzwa sinagogi wanasema: huyu ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Mamangu aliwaona wazazi hao kuwa waoga. Kwa miaka mingi nami niliwaona hivyo.

Shule ikakua. Watoto 4, kisha 11. Januari 2008, baada ya uchaguzi, Kawangware iliwaka na familia nyingine zikarudi ushago zikabaki huko. Tulifungua tukiwa na 6. Halafu 17. Mwaka huo mimi nilikuwa kidato cha tatu, bweni, na nilirudishwa nyumbani kwa karo mara tatu. Mara ya tatu nilifika nikakuta mafundi wanamalizia choo kipya nyuma ya kanisa, chenye vyuma vya kushika ukutani na mlango mpana wa kiti cha magurudumu. Choo kizuri kabisa. Nikapiga hesabu. Ilikuwa karo yangu, ya mihula miwili.

Nilimuuliza. Hakukataa. Akasema, "Wewe utaelewa. Wewe unaweza kuelewa."

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu nyumbani kwetu: niliweza kuelewa. Nilielewa kwa nini siku yangu ya kuzaliwa haikuwa na wageni, kwa nini hakuja siku ya wazazi, kwa nini nalala upande wa ukuta ili yeye asipige kichwa. Nilimaliza shule nikiwa nimeapa kwamba nitapata kazi tao, katika jengo lenye lifti, na sitawahi kumfunga mtu mzima kamba za viatu. Na nilipata. Miaka saba nilifanya kazi kampuni ya bima, ghorofa ya sita, na kila nilipoulizwa nyumbani ni wapi nilisema "karibu na Lavington".

2011 mjane mmoja alitukodishia nyumba yake ya zamani upande ule mwingine wa dakika kumi, yenye ua wa kayaba na mti wa jakaranda. Hapo ndipo sweta ya kijani ilipokuja, maana tukiwa Lavington tulihitaji sare. Na hapo ndipo wakaanza kuja wazazi wenye madereva. Usidhani walikuwa wameteseka kidogo. Mama mmoja wa Kileleshwa alikuwa ameambiwa na shule tatu za bei kali, kwa lugha nzuri sana, kwamba mtoto wake "angefaidika zaidi mahali pengine". Alipofika kwetu alikaa kwenye gari nusu saa kabla ya kushuka.

Mamangu aliweka karo mbili. Anayeweza, shilingi 45,000 kwa muhula; asiyeweza, 3,000, au kidogo kidogo kwa M-Pesa, au kuja kuosha sufuria. Nani analipa ngapi ilikuwa siri ya daftari moja. Siri gani! Kila mtu alijua kwa kuangalia viatu. Lakini ilifanya kazi. Serikali hutoa pesa za kila mwanafunzi kwa shule zake, si kwa shule kama yetu, kwa hiyo mtoto wa Kileleshwa alikuwa anambeba mtoto wa Gatina, na mtoto wa Gatina, aliyezoea fujo, alikuwa anamfundisha wa Kileleshwa kuvua viatu mwenyewe.

Halafu wazazi kadhaa wakaomba kikao. Walitaka darasa tofauti. Hawakusema la matajiri. Walisema la watoto "wa kiwango kingine". Walikuwa tayari kuongeza karo na kumlipa mtaalamu wa matamshi aje mara mbili kwa wiki. Mamangu aliuliza kama mtaalamu huyo atawaona watoto wote. Wakasema hapana. Akawashukuru. Muhula uliofuata wanafunzi sita wa 45,000 hawakurudi, na tukadaiwa kodi ya miezi minne. Wengine humsifu kwa hilo. Mimi ndiye nilimlipa mjane, kwa mkopo wa kazini, na bado sijui kama alifanya vizuri. Mtaalamu wa matamshi kwa darasa moja ni bora kuliko kutokuwa naye kabisa. Nilimwambia hivyo. Hatukuongea kwa wiki tatu.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona. Walimu wetu waliuza mboga na barakoa. Ndugu yangu alivaa sweta kila asubuhi kwa miezi tisa na kusimama mlangoni. Tulifungua Januari 2021, na mwezi mmoja baadaye mamangu akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia na nusu ya maneno vikaenda. Nilichukua likizo ya wiki mbili nikashike daftari tu. Sikurudi ghorofa ya sita.

Ni ndani ya makaratasi yake nilipokuta kijitabu cha matumizi. Unga, chaki, sabuni. Na katikati, mara tatu, 2006, 2009 na 2013, kwa mwandiko uleule: "Mkutano wa injili, nauli 80, sadaka 500." Alikuwa amempeleka. Mara tatu, bila kutuambia, yeye aliyewafukuza wahubiri kutoka darasani, alikuwa amepanga foleni na mwanawe ili aguswe kichwa. Nilikaa na kijitabu kile siku mbili kabla ya kumuuliza. Nilikuwa na hasira, hasa kwa ile mia tano.

Alichukua muda kupata maneno. "Ningekosaje kujaribu?"

Mwaka uliofuata afisa alikuja kutukagua. Alikuwa kijana, mwenye adabu, aliyevaa viatu vilivyojaa vumbi kwa sababu alikuja kwa miguu. Alikagua choo, akakisifu. Akaomba rejista. Halafu akauliza kuhusu yule mwanaume mrefu aliyekaa na watoto wa miaka kumi. Nilieleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Madam, pole. Lakini mimi ningekuwa na binti hapa ningeuliza swali hilohilo."

Alikuwa sawa. Hicho ndicho kilichoniuma. Hakuna kitu kibaya kilichowahi kutokea, na bado alikuwa sawa. Shule imesajiliwa kwa watoto. Mtaala mpya una njia yao, kutoka hatua ya msingi hadi maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe, na kwenye karatasi ni nzuri. Lakini ufundi unahitaji karakana, na sisi tulikuwa na jakaranda. Nilizunguka kutafuta. Mahali pengine palikuwa mbali. Mahali pengine walitaka mtu ambaye tayari anaweza kujitegemea ili wamfundishe kujitegemea. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, mamangu aliibandika ofisini ikiwa na fremu. Nimeisoma mara nyingi kuliko Zaburi, na haisemi mtu aende wapi Jumatatu asubuhi akiwa na miaka 27.

Nikaandika ile mistari sita.

Asubuhi iliyofuata alivaa sweta. Nikamwambia hakuna shule. Akafunga kamba za viatu, akasimama mlangoni. Siku ya nne niliificha sweta. Nisingefanya hivyo. Alipindua nyumba, kisha akaanza kupiga kichwa ukutani, taratibu, kwa mpigo mmoja, hadi majirani wakaja. Niliitoa sweta chini ya godoro langu. Aliivaa, mikono ikimfika nusu ya mkono, akasimama mlangoni na damu ikimtoka kwenye paji.

Mamangu alikuwa kwenye kiti chake. Alisema kitu, nikamwinamia. "Muulize."

Nilidhani amechanganyikiwa. "Nimuulize nani?"

"Mtu mzima," akasema. "Muulize mwenyewe."

Nilitoa kadi zake za zamani, zile za uji wa unga. Nikazipanga mezani: duka, kanisa, sabuni, kuku, ufagio, ndoo, matatu. Kusema kweli sikuwa nimewahi. Miaka kumi na minane ya shule iliyoanzishwa kwa ajili yake na sijui kama kuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza anataka kwenda wapi. Akachukua matatu, bila kufikiria. Nikacheka. Nikaiweka kando yake, nikamwambia, "Sawa. Halafu?" Akaangalia sana. Akachukua ndoo, akaiweka juu ya matatu.

Karibu na stejini kuna mahali vijana wanaosha magari ya 46. Mwenye pale zamani alikuwa konda. Nilienda nikiwa nimevaa vizuri kupita kiasi, kama mtu wa mkopo.

"Huyo namjua," akasema. "Ni yule wa sweta. Ataosha ama ataita abiria?"

"Vyote viwili."

"Basi alete ndoo yake."

Usinielewe vibaya. Wiki mbili za kwanza walimlipa nusu, hadi nilipoenda na daftari. Vijana walimfundisha matusi, na anayasema kanisani, kwa mpangilio, kama stesheni. Siku moja alipanda gari aliloliosha akaenda nalo tao, na kwa saa nne sikujua kama yuko hai. Makanga wa huko ndio waliomtambua kwa sweta wakamrudisha na gari linalofuata, bila nauli. Bado nikisikia simu saa za mchana tumbo linanikaza.

Na shuleni kuna wengine watano wanaokaribia umri huo. Mmoja ni yule wa mandazi. Mwaka jana nilirudi kwa wazee wa kanisa, Jumanne, na majina sita kwenye karatasi. Nikawaambia Bwana asifiwe, nikakaa pale alipokaa yeye. Mzee aliyeuliza habari ya kuambukiza ameshafariki. Yule mwingine bado yuko, ana fimbo sasa na mikono inamtetemeka. Alivaa miwani akasoma majina yote.

"Hawa ni watu wazima," akasema. "Watajifunza nini?"

Nilianza kumweleza kuhusu sabuni ya maji, na gharama ya madumu. Akaniinulia mkono. Akanyosha kidole kwenye kifungo cha koti lake, cha juu, kilichokuwa wazi, akacheka peke yake.

Tulipewa chumba kilekile, siku mbili kwa wiki. Katoni bado ziko juu, nyeusi kwa moshi, waya wangu na wake ukionekana. Tunatengeneza sabuni na tunaiuza kwa wale wa kuosha magari, wanaotulipa wakitaka. Mvua ikinyesha hakuna magari ya kuosha, kwa hiyo ndugu yangu anakuja na ndoo yake na kukaa pembeni. Alhamisi iliyopita ilinyesha kubwa, katoni zote hazikusaidia kitu. Wenzake waliziba masikio. Mmoja akaingia chini ya meza. Ndugu yangu akasimama katikati ya chumba, sweta imelowa, akaanza kuita kwa sauti yote aliyo nayo, "Fotisiksi! Yaya, Halingamu, tao!" Kutoka chini ya meza mtu akamjibu, "Tao!"